Hyakunin Isshu: Mashairi Mia ya Kudakwa kwa Kiganja

Wapenzi wa ushairi, sogeeni karibu! Nimeshika ushairi wenye pembe nne na sura ya mtu, ushairi unaochanganywa, unaogawiwa, unaotandazwa mkekani na kugombewa kwa mikono, na bado nashangaa kwamba kitu hiki kimekuwepo miaka yote hii na sisi tunaohesabu mizani usiku na mchana hatukuambiana habari zake. Sanduku liko wazi mbele yangu. Kadi zimejaa meza nzima. Sijui nianze na ipi, kwa hiyo naanza na zote.

Hizi ni karata za Kijapani ziitwazo Hyakunin Isshu, yaani washairi mia, kila mmoja shairi moja, na mchezo wake unaitwa karuta. Ndani ya sanduku mna kadi 200 za mafungu mawili. Kadi 100 ni za kusomwa, zinaitwa yomifuda. Kila moja ina picha ya rangi ya mshairi aliyeketi, jina lake, na shairi lake lote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kadi 100 nyingine ni za kudakwa, zinaitwa torifuda. Hizo hazina picha, hazina jina, zina nusu ya pili tu ya shairi, wino mweusi juu ya weupe. Msomaji anashika fungu la kwanza na kughani. Wachezaji wameketi sakafuni wamezunguka fungu la pili. Anayeijua nusu ya pili hana haja ya kuisubiri isomwe: akishaitambua nusu ya kwanza anarusha mkono na kuipiga kadi yake, paa! Hapo ameshinda shairi.

Umesikia nilivyosema? Ameshinda shairi!

Kila kadi ni ndogo, sentimita 5 kwa 7 hivi, lakini ni nene na ngumu, haikunjiki. Mgongo umefunikwa karatasi ya kijani iliyozungushwa kingo hadi upande wa mbele, ikaacha mstari mwembamba wa kijani pande zote nne za maandishi. Ukiipigisha mezani inatoa sauti kavu ya kuridhisha sana. Nimejaribu mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa ukaguzi wa bidhaa, na kila mara imenifurahisha.

Sasa njoo kwenye ushairi wenyewe. Utungo huu unaitwa tanka, ingawa zamani ulijulikana zaidi kwa jina la waka. Una mizani 31 zilizopangwa tano, saba, tano, saba, saba. Vina hakuna. Kijapani kinafanana na Kiswahili kwa kupenda silabi zinazoishia kwa irabu, kwa hiyo ukihesabu kwa vidole unaona mizani zinatii bila ubishi. Na hebu linganisha: ubeti mmoja wa utenzi wetu, vipande vinne vya mizani nane nane, una mizani 32. Tofauti ni mzani mmoja! Watu wa pande mbili za bahari, waliotungia mambo tofauti kabisa, wakakubaliana kwamba pumzi moja ya binadamu inatosha kubeba kiasi hicho na si zaidi.

Tanka ina kituo katikati. Sehemu ya juu ina mizani 17, ya chini 14. Sisi tuna ukwapi na utao, tunajua raha ya kusikia upande mmoja na kuusubiri wa pili. Aliyebuni karuta alikishika kituo hicho na kukitia kisu. Nusu akaiacha kinywani mwa msomaji, nusu akaitupa sakafuni, halafu akawaambia watu: iunganisheni.

Nimeitazama kadi moja ya kudaka kwa muda mrefu na nataka tuitazame pamoja, maana hapa ndipo moyo wangu ulipoenda mbio. Ina herufi 14 za hiragana katika safu tatu: tano, tano, nne. Unasoma kutoka juu kwenda chini, kuanzia kulia. Hakuna nafasi kati ya neno na neno. Safu ikijaa, neno linakatwa palepale lilipofika na kipande chake kinahamia safu ya pili. Hata zile nukta mbili ndogo zinazogeuza ka kuwa ga, au sa kuwa za, zimeondolewa, kama ulivyokuwa mwandiko wa zamani. Kwa mtu anayetaka kuisoma, kadi hii ni adha tupu. Lakini mchezaji hodari haisomi. Anaitambua kama unavyoitambua sura ya nduguyo katikati ya watu: ile yenye herufi ya duara juu kulia, ile yenye mkia mrefu safu ya mwisho. Maneno yamegeuka picha!

Na upande wa pili, kadi yenye picha nzuri za rangi, mavazi yaliyorundikwa tabaka kwa tabaka, nywele ndefu zinazoteremka hadi sakafuni, hiyo wachezaji hawaitazami kabisa. Iko mkononi mwa msomaji. Wao wanaipata kwa sikio. Yaani kadi ya picha ni ya kusikilizwa, na kadi ya maneno matupu ndiyo ya kutazamwa. Nimewahi kuona vitabu vingi vya mashairi yenye michoro, mingi ikikaa pembeni ya ubeti bila kazi yoyote. Kwetu anayejua kweli kazi ya neno na picha kukaa pamoja ni mvaaji wa kanga: mji umebeba korosho, jina limekaa chini yake, na aliyekusudiwa ujumbe ameupata. Karuta nayo inazifanyisha kazi zote mbili, ila imezibadilishia zamu, na sijaona mahali pengine jambo hilo likifanywa kwa ukamilifu namna hii.

Mashairi yenyewe yalichaguliwa na Fujiwara no Teika, malenga na mhakiki aliyeishi kati ya 1162 na 1241. Mwaka 1235 aliombwa na Utsunomiya Yoritsuna, baba wa mke wa mwanawe, amwandikie mashairi ya kupamba milango ya karatasi ya nyumba yake iliyokuwa karibu na mlima Ogura, pembeni ya Kyoto. Teika akaandika kila shairi kwenye kipande chake cha karatasi ya mraba, moja moja, ili vibandikwe. Ndiyo maana mkusanyo huu unaitwa Ogura Hyakunin Isshu. Fikiria: tangu siku ya kwanza haukukusudiwa kuwa kitabu. Ulikuwa vipande vya karatasi vya kutazamwa ukutani, kila shairi na nafasi yake. Kadi zilikuwa zinausubiri tu.

Ziliusubiri miaka mia tatu hivi. Wareno walifika Japani mwaka 1543, na karata zao zikaingia pamoja nao. Ni Wareno hao hao walioanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, na jina la karata wakatuachia sisi kama walivyowaachia Wajapani. Wajapani wakaanza kuchapa za kwao huko Miike, sehemu ambayo leo ni mji wa Omuta, wenye jumba la makumbusho la karata. Lakini kabla ya hapo mabwana na mabibi wa kasri walikuwa tayari na mchezo wa kombe za baharini. Kombe moja ina maganda mawili, na ganda halikubali jingine isipokuwa mwenzake wa asili. Walichora picha ndani ya maganda, wakayatandaza kifudifudi, wakatafuta jozi. Weka mchezo huo pamoja na karata za Wareno, ongeza mashairi ya Teika, na karuta imezaliwa. Uchapaji wa mbao ulipoenea enzi za Edo, washairi wale mia wakatoka kasrini na kuingia nyumba za watu wa kawaida. Leo hata Nintendo, kampuni iliyoanzishwa Kyoto mwaka 1889 kwa kutengeneza karata kabla dunia haijaota michezo ya video, bado inachapa Hyakunin Isshu.

Lakini nirudi kwenye kadi, maana picha zinaniita.

Kadi ya kwanza ni ya Mfalme Tenji, wa karne ya 7. Ungetarajia fahari. Picha kweli inampa fahari, kwani watu wa ukoo wa kifalme huchorwa wameketi juu ya mkeka wenye ukingo wa rangi nyingi, na ukishaujua ukingo huo unawatambua mara moja. Ila shairi lake linamweka ndani ya kibanda cha kulindia mavuno, usiku wa vuli, mikono ya vazi ikilowa umande. Picha inasema mfalme, maneno yanasema mkulima. Kadi moja tu, ya kwanza kabisa, na tayari neno na picha zinavutana!

Wanawake wako 21 kati ya mia, na nakwambia ndio walionipokonya jioni nzima. Ono no Komachi, nambari 9, ambaye uzuri wake umekuwa hadithi, anaangalia maua yaliyopoteza rangi kwenye mvua ndefu na kujiona humo. Murasaki Shikibu, aliyeandika Hadithi ya Genji, ni nambari 57. Shairi lake ni la kumwona mtu kwa dakika chache, kisha akatoweka kama mwezi ulioingia mawinguni. Nambari 62 ni Sei Shonagon, mwanamke mwenye ulimi wa wembe. Mwanaume mmoja aliondoka kwake mapema usiku akisingizia jogoo. Akamjibu kwa shairi lililojengwa juu ya kisa cha kale cha Kichina, cha watu waliowahadaa walinzi wa lango kwa kuigiza jogoo wakafunguliwa. Lango lake yeye, alisema, halidanganyiki. Ukiiangalia picha yake baada ya kujua kisa hicho, ule utulivu wa usoni unageuka kitu kingine kabisa.

Na kuna nambari 60. Hii lazima niisimulie yote. Koshikibu no Naishi alikuwa binti wa Izumi Shikibu, mshairi mkubwa, na watu walinong'ona kwamba mashairi ya binti yanatungwa na mama. Mama akasafiri na mumewe kwenda jimbo la mbali la Tango. Huku nyuma binti akachaguliwa kushiriki mashindano ya ushairi mji mkuu. Inasimuliwa kwamba bwana mmoja wa kasri, Fujiwara no Sadayori, akapita mbele ya chumba chake akamchokoza: vipi, mjumbe uliyemtuma Tango amesharudi? Binti akanyoosha mkono, akalishika vazi lake, na papo hapo akamtungia jibu. Ndani ya shairi hilo majina ya mahali yanapangana kufuata njia ya kwenda Tango, na neno moja linasikika kwa maana mbili, kukanyaga na barua, kwa hiyo kwa pumzi ileile alisema hajafika huko na hajapokea barua kutoka huko. Sadayori, naye mshairi, hakupata la kujibu. Akajichomoa akaenda zake. Wanaojua kujibizana kwa mashairi, wanaojua malumbano ya watunzi wetu yalivyo, wataelewa kwa nini nilisimama nikapiga makofi peke yangu chumbani. Na wote wawili wamo humu sandukuni, Sadayori ni nambari 64! Kila siku karata zinapochanganywa, wanakutana tena.

Kwa jumla mashairi 43 kati ya 100 ni ya mapenzi, na vuli inazishinda kwa mbali masika, kiangazi na baridi katika mashairi ya majira. Teika alipenda huzuni yenye staha, na sanduku lote lina ladha hiyo. Yeye mwenyewe yumo, nambari 97.

Sasa mchezo. Nyumbani watu hutandaza kadi zote 100 ovyo ovyo na kila mtu anadaka, hasa sikukuu ya mwaka mpya. Babu na mjukuu wanacheza sawa, na mara nyingi babu anashinda kwa sababu ameishi na mashairi hayo muda mrefu zaidi. Watoto wasiojua kusoma bado wana mchezo wao wa kufunua kadi za picha tu, ambapo ukimpata mtawa unapoteza kadi zako zote. Huko Hokkaido kaskazini wana desturi yao: kadi za kudaka ni za mbao, zenye mwandiko wa mapambo, na msomaji husoma nusu ya pili peke yake.

Mchezo wa mashindano, lo, huo ni moto! Kanuni zake zilianza kusawazishwa na mwanahabari Kuroiwa Ruiko mjini Tokyo mwaka 1904. Wachezaji ni wawili, wameketi uso kwa uso. Kadi za kudaka zinazotumika ni 50 tu, kila mmoja anapanga 25 upande wake katika safu tatu. Nyingine 50 hazipo uwanjani, lakini msomaji anaweza kuzisoma! Kwa hiyo unasikia shairi unalolijua vizuri, mwili unataka kuruka, na kadi yenyewe haipo. Ukigusa upande usiohusika umekosea, na mpinzani anakupa kadi moja ya kwake. Wanapewa dakika 15 za kukariri kila kadi ilipo. Anayemaliza kadi za upande wake kwanza ndiye mshindi. Ukidaka kadi kutoka upande wa mpinzani, unampelekea moja ya kwako. Kadi nyingine hazidakwi, zinafagiwa: mkono unapita na kundi zima linaruka hewani hadi ukutani.

Na siri ya kasi hiyo ni nini? Ni kwamba mchezaji anajua mahali hasa ambapo shairi moja linatengana na mengine yote. Kuna mashairi saba ambayo silabi ya kwanza peke yake inatosha: mu, su, me, fu, sa, ho, se. Hakuna shairi jingine katika mia linaloanza hivyo. Msomaji akitoa fu, mkono umeshafika. Kwa mengine unangoja silabi mbili, au tatu, na yako machache yanayofanana hadi silabi ya tano, kwa hiyo huna budi kungoja ya sita huku kiganja kinatetemeka hewani. Halafu uzuri unaongezeka: mashairi mawili yanayoanza sawa, moja likishasomwa, lililobaki linakuwa fupi, halina tena wa kuchanganywa naye. Maana yake ni kwamba kumbukumbu yako inabidi ijipange upya baada ya kila shairi. Nimekariri mashairi tangu shule ya msingi na sijawahi kufikiria ubeti kwa namna hii, kwamba kuna silabi moja hasa ambapo unaacha kuwa ubeti wowote na kuwa wewe mwenyewe.

Mabingwa wa wanaume na wanawake hupambana kila Januari kwenye hekalu la Omi, mji wa Otsu, karibu na ziwa Biwa. Na hekalu hilo ni la kumtukuza nani? Mfalme Tenji, yule yule wa kadi ya kwanza! Vijana wa sekondari nao hushindana huko kila kiangazi. Wengi waliingizwa na Chihayafuru, hadithi ya katuni ya Yuki Suetsugu iliyoanza mwishoni mwa 2007 na kumalizika 2022, ikazaa vipindi vya televisheni na filamu. Mashairi ya karne ya 7 hadi ya 13 yanawatoa vijana jasho mwezi wa Julai. Nani atasema ushairi wa kale umekufa?

Niseme na yasiyonikolea. Picha kwenye seti ya kawaida ni za washairi tu, hazigusi yaliyomo ndani ya shairi. Wanaume wengi wa kasri, wenye kofia nyeusi na mavazi mapana, wanafanana mno. Ukiondoa jina hutajua huyu ni yupi. Mtu asiyejua Kijapani hapati msaada wowote sandukuni, na herufi za kadi za kusomwa ni ngumu zaidi ya zile za kudaka. Hilo la picha lina jibu lake, nalo ni jibu la kifahari: karata zinazohusishwa na mchoraji Ogata Korin, aliyeishi 1658 hadi 1716, ambazo zina dhahabu na zina michoro hata kwenye kadi za kudaka, maua na mandhari yanayotokana na shairi husika. Nakala zake huchapwa hadi leo. Nimeziona kwenye picha tu na tayari nazitamani kupita kiasi. Kwa uzuri wa kutazama, Korin hana mpinzani. Kwa mchezo, nachagua ile nyeupe isiyo na pambo, kwa sababu pambo linampa mkono msaada usiostahili.

Karuta si ya washairi mia peke yao. Kuna iroha karuta, ambayo ni methali: msomaji anasoma methali, wewe unatafuta picha yake, yenye herufi ya kwanza ndani ya duara pembeni. Watoto wamejifunza kusoma kwa kadi hizo vizazi na vizazi. Na katika mkoa wa Gunma, mwaka 1947, vita vikiwa vimeisha juzi tu, ilichapwa Jomo Karuta, kadi 44 za milima, mito, chemchemi na watu wa mkoa huo, na watoto wa Gunma bado wanazikariri na kushindana kila mwaka. Ukitaka kujua kwamba kadi inaweza kumfundisha mtu nchi yake, Gunma ipo.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwashika mikono wachapishaji na malenga wetu. Peter McMillan, mfasiri kutoka Ireland, aliitafsiri Hyakunin Isshu kwa Kiingereza mwaka 2008, kisha akatoa karuta ya Kiingereza inayochezeka. Kama Kiingereza, chenye silabi zake zilizobanwa na konsonanti, kimeweza, Kiswahili kinasubiri nini? Ubeti wa utenzi una mizani 32, tayari umekatika katikati, tayari una kina cha kukuongoza. Mwana Kupona aliandika utendi wake mwaka 1858, na hakuna anayezuiwa kuuchapa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Sayyid Abdallah, mwenye Al-Inkishafi, yuko. Picha zao hatuna? Wachoraji wa kadi za Kijapani nao hawakumwona Komachi wala Tenji. Walichora mavazi, mikeka, nywele na mkao, na Japani nzima ikawakubali. Mpeni mchoraji wa Lamu leso na mlango wa nakshi, atamkalisha Mwana Kupona kwenye kadi hata tumwamkie. Halafu mtoto wa darasa la tano apige kiganja sakafuni, paa, kwa ubeti wa karne ya 19!

Kwa anayetaka kuanza na za Kijapani, ushauri wangu ni huu. Usinunue ya dhahabu kwanza. Chukua seti ya kawaida yenye kadi nyeupe za kudaka, pamoja na sauti ya msomaji, maana zinapatikana kwa programu za simu. Jifunze herufi 46 za hiragana. Wiki chache za jioni zinatosha kwa mtu mwenye nia. Chomoa zile kadi saba, mu, su, me, fu, sa, ho, se, ziweke peke yake sakafuni, tafuta mtu mmoja wa kukaa mbele yako, na mwambie msomaji aanze.